Ruzuku za kubadilisha lori la dizeli la zamani Marekani: ipi inakufaa wewe mwenye lori moja au mawili?

Kama upo Marekani na unaendesha lori lako mwenyewe lenye injini ya mwaka 2009 kurudi nyuma, kuna hela ya serikali ya kukusaidia ulitoe barabarani ununue lingine safi zaidi, na hii sio stori ya kijiweni, ipo na imekuwepo miaka mingi. Shida ni kwamba imegawanyika kwenye mifuko kadhaa, kila mfuko na masharti yake, na watu wetu wengi wakisikia asilimia wanakimbilia ile kubwa bila kuangalia kingine chochote. Mimi nasema asilimia ndo kitu cha mwisho kuangalia. Angalia kwanza lori lako linafanyia kazi wapi, pili nani anatakiwa awe mwombaji kwenye karatasi, tatu hela yao inaingia lini, wakati unanunua au miezi baada ya wewe kulipa. Ukishajibu hayo, mifuko mingi inajiondoa yenyewe na unabaki na mmoja au miwili ya kufikiria kwa makini.

Kwanza mbona 2009 inatajwa kila mahali? Kwa sababu ya sheria za injini. Kuanzia injini za 2007 Marekani ilikata masizi kwa asilimia 90, ndo maana zikaanza kuja na ile filta ya DPF, na ilipofika 2010 ikabana gesi ya NOx mpaka gramu 0.20 kwa kila nguvu-farasi kwa saa, ndo ukaona matanki ya DEF, yaani kimiminika cha kusafishia NOx kwenye ekzosi, karibu kila lori jipya. Kwa hiyo lori la 2004 na la 2012 ukiyapaki pamoja yanaweza kufanana kabisa kwa nje, lakini moshi wake ni vitu viwili tofauti. Na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani imethibitishwa unasababisha saratani kwa binadamu. Huo moshi anaupata nani wa kwanza? Ni sisi tuliopanga foleni kwenye geti la bandari masaa matatu injini inaunguruma, na wale watoto wa West Oakland kule California na Ironbound kule Newark, New Jersey, ambao nyumba zao zipo jirani na barabara za makontena. Naomba hilo tusilisahau tukianza kupiga hesabu za dola, manake wengi tunaongea kama vile ruzuku ni punguzo la bei tu.

Haya, DERA na hela ya Volkswagen, hizi mbili watu wanazichanganya sana.

DERA ni hela ya serikali kuu kupitia EPA, lile shirika lao la mazingira, sheria yake ni ya 2005 na hela zilianza kutoka 2008. Asilimia 70 inashindaniwa nchi nzima na 30 inaenda kwa majimbo. Wewe mwenye lori huombi EPA moja kwa moja, hawapokei fomu ya mtu binafsi wala kampuni ya mtu binafsi, wanaoomba ni jimbo, mji, mamlaka ya bandari, makabila ya asili, mashirika yasiyo ya faida, alafu hao wakishapata ndo wanafungua dirisha kwa watu kama wewe. Kwa hiyo usipoteze muda kwenye tovuti ya EPA, tafuta ofisi ya mazingira ya jimbo lako au bandari yako. Viwango vya DERA vilivyotumika kwenye awamu za karibuni ni hivi: ukinunua lori jipya la dizeli wanatoa mpaka asilimia 25, likiwa na injini iliyothibitishwa ya NOx ya chini sana 35, la umeme 45, na kama lori lako ni la kubeba makontena ya bandarini wanaenda mpaka 50. Hiyo 50 ya bandarini ishike, tutairudia.

Hela ya Volkswagen ni kitu kingine. Hii sio kodi, ni matokeo ya kesi. Septemba 2015 EPA ilitangaza kwamba Volkswagen waliweka programu kwenye magari ya dizeli inayojua gari liko kwenye kipimo, inaficha moshi, alafu barabarani NOx inatoka mpaka mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwenye makubaliano wakatoa karibu dola bilioni 2.9 kwenye mfuko wa kurekebisha hewa, ukagawiwa kwa majimbo yote. Hapa lori kubwa linalokubalika ni lenye injini ya 1992 mpaka 2009. Kwa mtu binafsi, jimbo linaweza kulipa mpaka asilimia 25 ya lori jipya la dizeli au gesi, 50 kama ni la bandarini, mpaka 40 kama unabadilisha injini tu, na mpaka 75 kama unaenda kwenye umeme pamoja na chaja yake. Naandika "mpaka" kila sehemu kwa makusudi, hizo ni dari, jimbo lako linaweza kuamua kulipa chini ya hapo au kupeleka hela yote kwenye mabasi ya shule na usipate kitu. Na tofauti kubwa na DERA ni kwamba huu mfuko haujazwi tena, ukiisha ndo basi, kwa hiyo jimbo lako likiwa bado na kitu kimebaki hapo ndo pa kuwahi kabla ya pengine popote.

Sasa weka hesabu mezani, uone kwa nini nasema asilimia inadanganya. Chukua lori jipya la dizeli kwa dola 170,000 na la umeme kwa 400,000, ni bei za mfano lakini haziko mbali na ukweli wa soko. Asilimia 25 ya 170,000 ni 42,500, unabaki kudaiwa 127,500. Asilimia 45 ya lile la umeme ni 180,000, unaona hela nyingi, lakini unabaki kudaiwa 220,000! Umepewa asilimia kubwa na deni limekua karibu mara mbili. Ile 75 ya Volkswagen ndo inageuza mambo, unapewa 300,000 unabaki na 100,000. Na ile 50 ya bandarini kwenye dizeli unabaki na 85,000, ambalo ndo deni dogo kuliko yote hapo. Kwa hiyo usiulize wanatoa asilimia ngapi, uliza nabaki na deni gani na mzigo wangu wa mwezi unaweza kulilipa.

Alafu kuna kitu wengi hawakitoi kwenye hesabu, thamani ya lori lako la zamani. Hela hizi zote mbili zinataka lile la zamani liharibiwe. Kama ungeweza kuliuza dola 15,000 basi ile 42,500 kwako kiukweli ni 27,500.

Twende kwenye majimbo, Texas na California, manake hapa ndo unaona falsafa mbili tofauti kabisa.

Texas wana TERP, bunge lao liliianzisha 2001 kwa sababu hewa ya Houston na Dallas ilikuwa inashindwa kufikia kiwango cha ozoni, na inasimamiwa na TCEQ, idara ya mazingira ya jimbo. Texas hawakulazimishi kisheria uache lori la zamani, wanakushawishi kwa hela. Wanachonunua ni tani za NOx zinazopungua kwenye kaunti zao, ndo maana kiasi utakachopata kinategemea lori lako la sasa linachafua kiasi gani, unaliendesha maili ngapi, na wapi. Kwa mwenye lori moja anayezunguka Houston na viunga vyake, lori la zamani, maili nyingi, hii kwa maoni yangu ni nzuri kuliko DERA, manake hapa wewe mwenyewe unaweza kuwa mwombaji, na inaweza kufika sehemu kubwa ya bei. Lakini sikiliza sharti lake: unasaini kwamba angalau asilimia 75 ya matumizi ya lori jipya yatakuwa kwenye kaunti au barabara walizozitaja, kwa kawaida kwa miaka 5, na unatuma ripoti ya maili. Kama wewe ni mtu wa leo Laredo kesho Chicago keshokutwa Atlanta, ukisaini hapo umejifunga kamba, ukishindwa wanaweza kudai hela irudi. Usidanganye maili kwenye fomu ili upate zaidi, IFTA yako, ile ripoti ya kodi ya mafuta, ipo, kila robo mwaka umeandika mwenyewe ulipita jimbo gani maili ngapi.

California wao walianza na sheria. Tangu Januari 1, 2023 karibu malori yote ya dizeli ya zaidi ya ratili 14,000 yanayofanya kazi California yanatakiwa yawe na injini ya 2010 au mpya zaidi, na lisilotimiza usajili unazuiwa. Hela wanayo pia, programu ya Carl Moyer ipo tangu 1998 na inapitia kwenye wilaya za hewa 35, yaani ofisi za maeneo zinazosimamia ubora wa hewa, lakini msimamo wake ni huu: hatukulipi kufanya kitu ambacho sheria tayari inakulazimisha. Wanalipia kile cha ziada, unachokifanya kabla ya muda au zaidi ya kinachotakiwa. Watu wengi wanafika pale na lori la 2006 wakidhani watapewa hela kama Texas, hapana, muda wa kulipwa kwa hilo ulishapita, sheria imelikuta. Nawaonea huruma sana, manake wenye kampuni kubwa walikuwa na mtu ofisini anafuatilia tarehe, mwenye lori moja alikuwa barabarani siku zote.

Kinachobaki California kwa mtu mdogo ni HVIP, na huu mfumo naupenda kuliko yote kwa jinsi hela inavyotembea. Ni vocha. Huombi wewe, dila ndo anaomba, punguzo linakatwa palepale kwenye bei, hakuna kusubiri kurudishiwa. Kwa lori kubwa la umeme vocha ya msingi imekuwa dola 120,000, na kuna nyongeza kwa wenye malori machache na kwa wa bandarini. Na tofauti na hizo zingine, HVIP ya kawaida haikulazimishi kuliua lori la zamani. Unachosaini ni kwamba jipya litabaki linafanya kazi California angalau miaka 3. Ubaya wake ni kwamba dirisha likifunguka wenye mafliti makubwa wanawahi, na ni kwa ajili ya magari safi kabisa, dizeli sahau.

Hilo la vocha na kurudishiwa nalikazia, kwangu ndo tofauti inayomuumiza mtu mdogo kuliko zote. Programu nyingi za majimbo zinalipa kwa kurudisha: unanunua lori kwa hela yako au mkopo, unalipa, unaliharibu la zamani, unatuma ushahidi, alafu unasubiri hundi. Kama benki inakukopesha 127,500 lakini haikukopeshi 170,000, basi hiyo ruzuku kwako haipo hata kama umeshinda. Uliza swali hili siku ya kwanza kabisa, je hela inaweza kulipwa moja kwa moja kwa dila? Texas kwa mfano wanaruhusu uelekeze malipo kwa dila, na kuna sehemu zingine wanaruhusu ukiomba, ila hawatakwambia kama hujauliza.

Sasa bandari. Kama kazi yako ni kontena, kutoka getini kwenda godauni na kurudi, wewe ndo una nafasi nzuri kuliko dereva mwingine yeyote na wengi hamjui. Seattle na Tacoma, ambako Waafrika Mashariki kwenye kazi hii ni wengi sana, bandari ilishaweka sharti la injini ya 2007 kwenda mbele tangu 2019. New York na New Jersey mamlaka ya bandari imekuwa na programu ya kubadilisha malori inayolipa mpaka nusu ya bei, kikomo dola 25,000. Los Angeles na Long Beach tangu Aprili 2022 wanatoza dola 10 kwa kila kipimo cha kontena la futi 20 lililojaa, na hela hiyo inaenda kusaidia malori yasiyotoa moshi. Hiyo ya New Jersey ukiitazama haraka unaona 25,000 ni ndogo mbele ya 85,000 ya mfano wa juu, lakini kwa mtu anayenunua lori la 60,000, nusu ni 30,000, kikomo kinakata inabaki 25,000, anadaiwa 35,000 tu. Kwa mtu mwenye familia na lori moja mimi ningechukua hilo deni la 35,000 na kulala usingizi.

Umeme au dizeli mpya? Kwa bandarini umeme unawezekana. Freightliner eCascadia inaenda mpaka maili 230 hivi na Volvo VNR Electric mpaka 275, kwa mtu anayezunguka Oakland au Long Beach siku nzima inatosha, na hakuna moshi kwenye foleni, mapafu yako yatakushukuru. Ila jiulize unalala wapi. Kama unapaki kwenye yadi ya kukodi au pembeni ya barabara, chaja utaiweka wapi, mwenye yadi atakubali wachimbe? Bila jibu la hapo usichukue lori la umeme hata kwa asilimia 75. Na kama unavuka majimbo, umeme kwa sasa acha.

Tena kwa nyinyi wa kuvuka majimbo, wa wiki tatu barabarani, nawaambia wazi: ruzuku hizi kwa sehemu kubwa hazikuwekwa kwa ajili yenu. Kila mfuko unanunua hewa ya mahali fulani na wewe hauna mahali. Badala ya kupoteza miezi kwenye fomu, tafuta lori lililotumika la 2014 au 2015 lenye rekodi nzuri ya DPF, uza la kwako, malizana. Wewe mwenyewe utakuwa umepunguza moshi wako, ingawa la zamani litaendelea kutoa moshi kwa mwingine, na hakuna mtu wa kukudai ripoti miaka 5. Ukumbuke pia lori jipya kubwa lina ushuru wa serikali kuu wa asilimia 12 juu ya bei, kwenye 170,000 ni 20,400, lililotumika halina hiyo.

Mabasi ya shule nayo yana mfuko wake, dola bilioni 5 kwa miaka mitano kutoka sheria ya 2021, lakini ni wa wilaya za shule, mwenye lori hahusiki. Kama uko kwenye kamati ya wazazi basi wasukume waombe.

Suala la kuharibu lori la zamani linawauma watu, nalielewa. Masharti ya DERA na Volkswagen ni kutoboa tundu la inchi 3 kwenye bloku ya injini na kukata reli za chesisi pande zote mbili, na picha zipigwe. Mtu anasema, jamani lori linatembea, si bora nilipeleke Dar, barabara ya kwenda Tunduma Freightliner za Marekani zinapiga kazi kila siku. Kweli zinapiga kazi. Lakini hapo moshi haujapungua, umehamishiwa Mbeya, na mtoto wa Mbeya ana mapafu kama wa Newark. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2020 ilionyesha magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kati ya 2015 na 2018 kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndo ikapokea mengi kuliko bara lingine lolote, karibu asilimia 40. Mimi hilo tundu la inchi 3 naliunga mkono. Kama moyo wako uko kwenye kulipeleka nyumbani basi usiombe ruzuku ya kuharibu, fanya hesabu yako kando, na usijaribu kuzunguka kwa kutoa lori lingine bovu badala ya lile, namba za injini wanazilinganisha.

Karatasi sasa, hapa ndo wengi wanaanguka kabla hata ya kufika kwenye asilimia. Lori la zamani lazima liwe linatembea, sio lile limekaa nyuma ya gereji tangu juzi na juzi. Lazima liwe lako miaka 2 iliyopita mfululizo na DERA wanataka angalau maili 7,000 kwa mwaka, maili sio tatizo kwa dereva anayefanya kazi, tatizo ni ushahidi, kwa hiyo tunza usajili, bima, IFTA, risiti za mafuta na za gereji. Taito, yaani hati ya umiliki wa lori, iwe kwa jina la anayeomba. Wengi taito iko kwa jina lako binafsi na kampuni ni LLC, nenda karekebishe mapema na uulize kwanza kama kubadilisha jina kunakuvunjia ile miaka 2. Na wewe uliyeingia mkataba wa kulipia lori kidogo kidogo kwenye kampuni unayoibebea mizigo, taito bado ni ya kampuni, hilo lori kwenye macho ya hizi programu sio lako, hata kama umelilipia miaka minne.

Usisaini kununua wala kuagiza lori jipya kabla mkataba wa ruzuku haujasainiwa pande zote mbili. Barua ya "umechaguliwa" sio mkataba. Ukinunua kabla, mara nyingi gharama hiyo hailipwi tena, na hakuna wa kumlilia.

Na hundi ikiingia, kwa mtu wa biashara kwa kawaida hiyo ni mapato na IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, wanaitaka ionekane. Mpelekee mhasibu mkataba mzima mwaka huohuo, umwambie na tarehe lori jipya lilipoanza kazi ili akate uchakavu wake kwenye hesabu ileile, bila hivyo ukapokea 42,500 unaweza kushtukia kodi Aprili wakati hela yote ilishaenda kwa dila.